Faini Moja, Mizigo Miwili



Wapendwa katika Kristo, juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa maana tafakari yetu inaanzia mahakamani wala si altareni. Wapo watakaosema kwamba padre hana shughuli na mambo ya faini na vifungo, na kwamba ya Kaisari yaachwe kwa Kaisari. Sisi tunaona kwamba pale mwamini anapouza jembe lake ili asilale gerezani, Injili ina neno la kusema. Tena paroko wenu ana jambo la kukiri katika habari hii, na atalikiri kabla ya kufika mwisho.

Nchi yetu ya Magole mnaijua. Mvua ikinyesha vizuri, tambarare hii inatoa mpunga na mahindi ya kulisha wengi. Mvua ikizidi, maji hutufuata hadi majumbani, kama yalivyofanya Januari 2014. Na kiangazi kinapoingia, jicho la mkulima liko shambani na jicho la mfugaji liko kwenye majani mabichi, nayo majani mabichi mara nyingi yako ndani ya shamba la mwenzake. Wilaya yetu ya Kilosa haijasahau Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ambapo watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kwa hiyo kila tunaposikia kwamba ng'ombe wameingia shambani, tunashika rozari kwanza, ndipo tunauliza maswali.

Jioni moja ng'ombe waliingia katika shamba la mpunga la mwamini wetu mmoja. Shamba lenyewe ni la kukodi, ekari mbili tu, na mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Mwenye shamba alipofika alimkuta kijana mchungaji amekaa chini ya mti. Hasira ikamtangulia, akampiga fimbo ya kichwa. Kijana akashonwa nyuzi, na kwa neema ya Mungu akapona. Zikafunguliwa kesi mbili: mkulima kwa kumjeruhi kijana, na mwenye ng'ombe kwa kuharibu mazao. Wote wawili wakakiri makosa. Wote wawili wakaambiwa neno lilelile: shilingi 300,000, au kifungo cha miezi sita.

Watu waliokuwa nje ya mahakama walifurahi. Walisema haki imetendeka, hakuna aliyependelewa. Mwenye ng'ombe alipiga simu nyumbani, ndama mmoja akauzwa, na kabla ya jua kutua risiti ilikuwa mkononi mwake. Mkulima alipandishwa kwenye karandinga.

Siku ya pili mke wake alikuja nyumba ya mapadre. Hakuja kulia. Aliketi kwenye benchi la barazani, akatusalimu shikamoo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akasema, "Baba, kosa lilikuwepo, hilo sibishi. Lakini wale wamepoteza ndama, sisi tumepoteza mwaka."

Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza, tukisoma na kuzungumza na watu wanaoijua sheria: hivi mahakama inaupataje ule mtaji wa shilingi unaoitwa faini? Nani anasema iwe laki moja, wala isiwe laki tano? Tuliyoyapata tunawashirikisha leo, maana kesho anaweza kuwa mwanao.

Jambo la kwanza ni kwamba hakimu hachukui namba hewani. Sheria iliyoweka kosa mara nyingi huweka pia mpaka wa adhabu. Nyingine huweka kiwango cha juu, nyingine cha chini, nyingine vyote viwili. Zipo pia sheria zinazotaja faini bila kutaja kiasi. Hapo Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 16 ya sheria zetu, inasema kwamba faini haina kikomo, lakini isiwe ya kupita kiasi. Majirani zetu wa Kenya wana kanuni ya namna hiyo hiyo, kwa sababu sheria zetu na zao zilitoka katika chungu kimoja wakati wa utawala wa Mwingereza. Kupita kiasi ni kiasi gani? Sheria haikusema. Imemwachia hakimu na dhamiri yake, pamoja na miongozo ya adhabu iliyotolewa na Mahakama na maamuzi ya mahakama za juu.

Ndani ya mpaka huo hakimu hupima. Anatazama uzito wa kosa na madhara yaliyompata aliyekosewa. Anatazama kama mkosaji alipanga au alighadhibika ghafla, na kama alipata faida kwa kosa lake. Anauliza upande wa mashitaka kama kuna kumbukumbu za makosa ya nyuma. Anahesabu kwamba aliyekiri mapema ameiokolea mahakama muda na ameanza njia ya toba. Anakumbuka siku ambazo mtu amekwisha kukaa mahabusu. Kisha, na hapa ndipo penye moyo wa tafakari yetu, anapaswa kuutazama mfuko wa mtu anayesimama mbele yake.

Mahakama zilizorithi sheria hii zina mafundisho mawili juu ya mfuko, nayo hutembea pamoja kama miguu ya mtu mmoja. La kwanza: faini isitozwe bila kufikiri kama mtu anaweza kuilipa, kwa sababu faini isiyolipika ni kifungo kilichovaa nguo za faini. Hakimu anayeona kwamba mtu hastahili jela, kisha akamtajia fedha ambazo hatazipata maishani, amempeleka jela kwa mlango wa nyuma. La pili: tajiri anayestahili jela asiachiwe alipe faini kwa sababu tu fedha anazo. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Mahakama ndipo mahali ambapo methali hiyo haitakiwi kutimia.

Si faini zote zinazopimwa hivyo. Zipo zinazofuata thamani ya kitu. Sisi tunaoishi jirani na Mikumi tunalijua hilo. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na dereva anayemgonga mnyama hutozwa kwa jinsi ya mnyama, tembo na twiga wakiwa juu katika orodha na swala wakiwa chini. Hayo ni malipo ya hifadhi, si hukumu ya hakimu. Lakini hata mahakamani thamani hutumika. Februari 2019, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilipomhukumu Yang Fenglan, raia wa China, kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya meno ya tembo, ilimwamuru pia alipe faini mara mbili ya thamani ya meno hayo, au aongeze miaka miwili gerezani. Katika faini ya namna hii kipimo ni kitu, wala si mtu.

Zipo pia faini za mkupuo mmoja, zilizo sawa kwa wote, kama zile za barabarani. Vijana wetu wa bodaboda pale njia panda ya Turiani walikuwa wakilipa shilingi 30,000 kwa kosa, sawa na mwenye lori. Katika bajeti ya mwaka 2021 Serikali ilitangaza kuishusha faini ya pikipiki na bajaji hadi shilingi 10,000. Tunakumbuka furaha ya siku ile kijiweni. Kilichowafurahisha, kwa jinsi tulivyowasikia, si nafuu peke yake. Ilikuwa ni kuona kwamba aliyeko juu ameutazama mfuko wa aliyeko chini akakubali kwamba haufanani na wa mwenye lori.

Wazo hili ni la zamani kuliko bodaboda. Mwaka 1215 mfalme wa Uingereza alilazimishwa kuweka mhuri katika hati iitwayo Magna Carta. Miongoni mwa mambo yake mna kanuni ya faini: mtu huru atozwe kwa kadiri ya kosa lake, lakini abakiziwe riziki yake, mfanyabiashara abakiziwe bidhaa zake, na mkulima mnyonge abakiziwe zana zake za kilimo. Tafsiri yake ya Magole ni hii: toza, lakini jembe liache.

Nchi nyingine zimekwenda mbele zaidi. Finland tangu mwaka 1921 hutoza faini kwa siku. Hakimu huamua kosa lina uzito wa siku ngapi, kisha siku hizo huzidishwa kwa kiasi kinachokadiriwa kutokana na kipato cha mkosaji mwenyewe. Sweden ilifuata mwaka 1931, na Ujerumani mwaka 1975. Ndiyo maana mwaka 2023 mfanyabiashara Anders Wiklöf alitozwa euro 121,000 kwa kuendesha gari kilomita 82 kwa saa mahali panaporuhusiwa 50. Waingereza nao walijaribu kitu cha namna hiyo mwaka 1992, wakakiacha mwaka uliofuata. Miongoni mwa yaliyowachekesha na kuwakasirisha watu ni kisa cha mtu aliyetozwa pauni 1,200 kwa kutupa pakiti ya viazi vya kukaanga. Hakuwa tajiri. Hakuwa ameieleza mahakama kipato chake, nayo mahakama ikamhesabu kama mwenye nacho. Kisa hicho msikisahau, tutakirudia.

Basi tufungue Maandiko Matakatifu. Tulipoyasoma tena kwa ajili ya tafakari hii tulishangaa kuona kwamba Kitabu cha Kutoka kinazo kesi zetu zote mbili, kana kwamba Musa aliwahi kupita Magole. Mtu akiachia mifugo yake ile katika shamba la mwenzake, atalipa kwa mazao bora ya shamba lake mwenyewe (Kut 22:5). Na watu wakigombana, mmoja akampiga mwenzake hata akalala kitandani, mpigaji atalipia siku ambazo mwenzake hakufanya kazi, na atamgharamia mpaka apone (Kut 21:18-19). Angalieni malipo yanakwenda wapi. Yanakwenda kwa mwenye shamba. Yanakwenda kwa aliyejeruhiwa. Hayaendi kwa mfalme.

Hapa kuna tofauti ambayo waamini wengi hawaijui. Faini huingia katika hazina ya Serikali. Aliyekosewa hapati kitu ndani yake. Kinachomwendea aliyekosewa kinaitwa fidia, na sheria yetu inamruhusu hakimu kuamuru fidia katika kesi hiyohiyo ya jinai. Katika kesi zile mbili hakuna aliyeiomba fidia. Matokeo yake shilingi 600,000 zilitajwa, lakini mwenye shamba hakulipwa punje, na kijana mwenye nyuzi kichwani hakulipwa hata dawa. Kila mmoja alirudi, au hakurudi, na deni la mwenzake likiwa halijaguswa. Ndiyo maana ugomvi haukwisha.

Lakini Maandiko yanasema zaidi. Katika Kitabu cha Walawi, mtu aliyekosa alitakiwa kuleta kondoo. Asiyeweza kondoo alileta hua wawili. Asiyeweza hata hua alileta unga kidogo, sehemu ya kumi ya efa (Law 5:7-11). Kosa ni lile lile, na msamaha ni ule ule. Kinachobadilika ni kinachoshikwa mkononi. Na mtu aliyeshindwa kulipa kiasi cha nadhiri alipelekwa mbele ya kuhani, naye kuhani akamkadiria upya kwa kadiri ya uwezo wake (Law 27:8). Tuseme ukweli, sisi makuhani wa leo mstari huu unatuchoma. Mama yetu Bikira Maria mwenyewe alipofika Hekaluni alitoa sadaka ya ndege, ile ya maskini (Lk 2:24). Hakuna aliyemwambia kwamba ametoa pungufu.

Kuna atakayetupinga, na ana haki. Atasema: Baba, Walawi haohao wanakataza kumpendelea maskini na kumstahi mkubwa katika hukumu (Law 19:15). Na katika Kutoka, ile nusu shekeli ya kila mtu aliyehesabiwa ilikuwa moja: tajiri asizidishe, maskini asipunguze (Kut 30:15). Sasa ninyi mnataka mizani mbili?

Ni swali zuri, na tulilala nalo usiku zaidi ya mmoja. Jibu tulilolifikia ni hili. Nusu shekeli ilikuwa ukombozi wa nafsi. Uhai wa tajiri na uhai wa maskini vina thamani moja mbele za Mungu, ndiyo maana bei yake ni moja. Sadaka ya kosa, kwa upande wake, haikupima thamani ya mtu. Ilikusudiwa kumfikia mkosaji, imguse, imrudishe. Kinachomgusa mmoja hakimgusi mwingine. Ukimtoza mwenye ng'ombe mia ndama mmoja, umemsumbua alasiri moja. Ukimtoza mwenye ekari mbili za kukodi fedha zile zile, umemnyang'anya mbegu, ada ya shule na usingizi. Namba ni moja, adhabu ni mbili. Mtakatifu Thomas wa Akwino alitufundisha seminarini kwamba haki haiko sikuzote katika kuwapa watu kiasi kilekile; mara nyingine iko katika uwiano. Kwa hiyo katika kuamua nani ana hatia, hakimu asitazame nguo ya mtu. Ila katika kuamua mzigo, hawezi kukwepa kuutazama mgongo utakaoubeba.

Mkumbukeni nabii Nathani alipomwendea Daudi na kisa cha tajiri mwenye kondoo wengi aliyemchukua kondoo mmoja wa maskini (2 Sam 12). Daudi, akiwa hakimu, alitaja faini papo hapo: arudishe mara nne. Hakukosea hesabu. Alichokosea ni kudhani kwamba kesi hiyo inamhusu mtu mwingine.

Na hapa, wapendwa, ndipo tunapofika kwenye kukiri kwetu.

Kabla ya kesi ile mkulima alikuja kwetu. Aliuliza afanye nini. Tulimwambia maneno tuliyoyaona ya busara: "Mwanangu, kweli ulimpiga. Kiri kosa. Usibishane na mahakama. Ukiulizwa, omba huruma, basi." Alitutii. Hakimu alipompa nafasi ya kusema lolote kabla ya adhabu, alisema maneno mawili, "Naomba huruma," akanyamaza. Hakusema kwamba shamba ni la kukodi. Hakusema kwamba mpunga ulioliwa ndio uliokuwa mali yake yote. Hakusema kwamba ana watoto wanne na mama mzee asiyeona. Hakimu alimwona mwanamume mwenye nguvu, mwenye shati safi tulilomwambia avae, mkulima wa mpunga mwenye ekari mbili. Alimpimia kwa alichokiona.

Hatumlaumu hakimu. Hakimu hawezi kuusoma mfuko usiosemwa. Yule mtu wa pauni 1,200 naye alinyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Umaskini nao ni hivyo hivyo ukifichwa mahakamani. Sisi tulimfundisha mwamini wetu toba, na toba ni kitu chema, lakini tulichanganya toba na ukimya. Katika kitubio Mungu anajua yote kabla hujasema. Mahakamani hakuna anayejua usipoyasema.

Kwa hiyo tunawaomba mshike mambo machache, nanyi mwafikishie wasiosoma ukurasa huu.

Ukikosa, kiri; lakini ukipewa nafasi ya kusema kabla ya adhabu, itumie yote. Taja kipato chako kwa ukweli, wanaokutegemea, madeni, siku ulizokaa mahabusu, na kama umekwisha kumwendea uliyemkosea. Usidanganye, maana uongo mahakamani ni kosa jingine na ni dhambi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, basi hakuna sababu ya kuogopa lugha.

Ukiona huwezi kulipa kwa mara moja, omba muda. Mwulize hakimu pia juu ya huduma kwa jamii. Sheria yake ni ya mwaka 2002, na inamwezesha mtu ambaye angefungwa kwa muda usiozidi miaka mitatu kuitumikia adhabu yake kwa kazi za manufaa ya umma akiwa anaishi nyumbani kwake. Ukiona adhabu imezidi, kata rufaa bila kuchelewa, kwa sababu rufaa ina siku zake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Rufaa si utovu wa adabu. Machi 2020 Mahakama ya Kisutu iliwatoza viongozi wa chama kimoja cha siasa faini ya jumla ya shilingi milioni 350, ikalipwa kwa michango. Juni 2021 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu ile. Hatusemi neno juu ya siasa. Tunasema tu kwamba neno la hakimu wa kwanza si lazima liwe la mwisho. Na kwa asiye na wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Watafuteni kabla ya siku ya kesi.

Nasi tulifanya nini? Kwanza tulimwomba msamaha yule mama. Kisha tuliliendea Baraza la Walei na viongozi wa Jumuiya. Tulielezwa kwamba sehemu ya faini ikilipwa, siku za kifungo hupungua kwa uwiano uleule. Tukapiga hesabu ubaoni mbele ya watu: 300,000 kwa siku kama 180, maana yake kila shilingi 1,667 ni siku moja ya mtu kuwa nyumbani kwake. Hatujawahi kuona mchango ukieleweka upesi namna ile. Bibi mmoja alileta shilingi 2,000 zilizokunjwa kwenye pindo la kanga, akasema, "Hii ni Jumatatu yake." Mchango wa kwanza ulikuwa shilingi 120,000, ukaondoa siku 72.

Jioni moja, giza likiwa limeingia, mwenye ng'ombe alisimama mlangoni. Naye ni mwamini wa kigango hicho hicho. Alitoa shilingi 50,000, akaomba tusimtaje. Tulimwuliza kwa nini. Alijibu kwamba yeye amekwisha kulipa Serikali, lakini shamba hajalilipa. Zile zilikuwa siku 30. Kilichobaki kilimaliziwa na Baraza, na mkulima akatoka siku ya 41.

Tungependa kuwaambia kwamba wamekwisha kupatana. Hawajapatana bado. Dominika iliyopita walikuwa katika Misa moja, mmoja upande wa kulia, mwingine kushoto, na wakati wa kupeana amani kila mmoja aliwashika mikono walio karibu naye. Mkulima amejua fedha zile zilitoka wapi. Tulimwambia kwa ruhusa ya mwenyewe. Alinyamaza sana, kisha akauliza kijana yule kidonda chake kimepona. Tukasema kimepona. Akasema, "Nitakwenda kumwona." Hajakwenda. Tunamngoja, kama Mungu anavyotungoja sisi.

Neno moja la mwisho, nalo linatuhusu sisi ndani ya Kanisa. Sheria za Kanisa zenyewe, tangu marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2021, zinaitaja faini wazi miongoni mwa adhabu zinazoweza kutolewa. Lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Jumuiya zetu na kwaya zetu hutoza faini: aliyechelewa shilingi 500, asiyefika shilingi 1,000. Tumeuliza, tukaambiwa kwamba wapo mama wawili walioacha kuja Jumuiya kwa sababu deni la faini limewashinda. Mwalimu mwenye mshahara anachelewa, anatoa noti huku akicheka. Mjane anachelewa kwa sababu alikuwa kibarua shambani kwa mtu, na anakaa nyumbani kwa aibu. Tunamnyooshea hakimu kidole, na mizani ile ile tumeining'iniza nyumbani kwetu.

Kwa hiyo tunawaagiza viongozi wa Jumuiya zote za parokia: madeni yote ya faini yaliyopo yafutwe kabla ya Dominika ijayo, na hao mama wawili wafuatwe majumbani mwao kwa heshima. Atakayetaka kuendelea na faini, akae kwanza na wanajumuiya wake, waulizane kila mmoja anaweza nini, kama yule kuhani wa Walawi. Wengine watatoa sarafu, wengine watafagia Kanisa. Sisi wenyewe mwezi uliopita tulichelewa Misa ya kigango kwa dakika 40, na hakuna aliyetutoza chochote. Jumamosi hii tutakuwa pale na fagio. Atakayependa kutusaidia anakaribishwa.